Karibu ya Mama Dobi

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, na hilo ulishike tangu mwanzo, maana huko mbele hesabu itaharibika. Kulikuwa na Mama Dobi, aliyefua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima hapo barazani kwake. Na kulikuwa na binti yake wa pekee, ambaye kazini walimwita Kope kwa ajili ya kope zake ndefu, na kwa kuwa aliuza miwani. Watu wawili, vikombe viwili vya chai. Sasa Jumapili moja asubuhi Kope alitoka chumbani akipiga miayo, akakuta mezani vikombe vitatu, na cha tatu kilikuwa kimeshanywewa mpaka chini.

"Mama, tumepata mgeni?"

Mama Dobi alikuwa anakunja mashuka. Hakugeuka. "Mgeni gani? Kunywa chai, inapoa."

Jibu la kawaida kabisa. Ila huyu mama, ambaye miaka yote hakumwita bintiye kwa neno lingine ila "mwanangu", asubuhi hiyo hakumwita chochote. Na barazani palinuka nguo iliyoungua, wakati pasi ilikuwa juu ya rafu, baridi, waya wake umezungushwa vizuri. Kope aliivuta ile harufu, akahisi masikio yanapata moto. Hakuwa na haja ya kuambiwa jambo lile limetokea wapi. Lilitokea sinema, jana yake, na yeye alikuwepo.

Basi turudi jana.

Mama Dobi alikuwa hajawahi kuingia sinema. Aliomba kwa muda mrefu, taratibu, bila kusumbua: "Siku moja na mimi unipeleke nikaione hiyo picha kubwa." Kope akawa na visingizio kama mvua. Leo nimechoka, wiki ijayo, hiyo picha siyo nzuri. Ukweli ni kwamba alikuwa anamwonea aibu. Kazini hakuna aliyejua kwamba mama yake ni dobi. Hakudanganya, ila hakusema, na mazungumzo yakielekea huko aliyageuza. Mama yake macho yalikuwa yamechoka siku nyingi, alitunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha, mara nyingine akaunguza kola ya mtu kwa kutoona pasi imefika wapi. Aliomba aende dukani kwa bintiye akapimwe. Kope akamjibu, "Usijisumbue mama, nitakuletea." Hakuleta. Mtoto anauzia mji mzima miwani na mama yake anapapasa, haya, niambie wewe hilo tuliite nini.

Mwishowe akakubali kumpeleka, lakini kwa ujanja wake. Alichagua onyesho la mchana, la Jumamosi, filamu ya majini ambayo watu wengi walikuwa wameshaiona. Ukumbi utakuwa mtupu, alijiambia, na giza litasaidia.

Mama Dobi alivaa gauni lake la heshima, marinda yamenyooka. Alibeba taulo kwenye mkoba, kwa kuwa alisikia humo ndani pana baridi. Mlangoni alimsalimia mkata tiketi kwa kirefu, akamuuliza hali ya watoto. Ndani akawasalimia wote wa mstari wao mmoja mmoja, hata aliyekuwa na vitu vya kusikilizia muziki masikioni, akangoja avitoe ndipo amsalimie tena. Kope alikuwa anazama kwenye kiti. Taa zilipozimwa akashusha pumzi, na hapo hapo akasikia nyuma yake kicheko anachokijua. Ni dada wa mapokezi wa pale dukani, na pembeni yake fundi lenzi, kijana mpole ambaye Kope, tuseme tu ukweli, alikuwa anajipodoa kwa ajili yake.

"Kope, kumbe na wewe upo," alinong'ona dada wa mapokezi. Kope akapunga mkono bila kugeuka.

Filamu yenyewe ilikuwa ya jini mtoto, jini lisilo na mama. Jua likizama lilitoka kwenye nyumba iliyohamwa, likapita mlango kwa mlango kwa sauti ya mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani. Hodi. Hodi mama, ni mimi, nifungulie. Na kila nyumba watu walijiziba midomo, wakazima taa, kwa sababu atakayeitikia amelikaribisha. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Jini likafika mlango wa mwisho, uso limeuegemeza kwenye mbao, likaita kwa sauti ndogo ya kilio. Hodi jamani. Hodi mama.

Sasa Mama Dobi alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuiacha hodi ya mtu ining'inie. Awe kwenye povu, awe bafuni, awe na homa, hodi ikipigwa lazima aitikie, na wateja wake walimpendea hilo. Pale kwenye kiti alikuwa ameinama mbele, macho ameyakaza, machozi yanamlengalenga kwa huruma. Akajibu kwa sauti ile ile ya barazani kwake, ya kusikika mpaka barabarani.

"Karibu, mwanangu. Ingia, mlango uko wazi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Watu walipiga miguu chini. Mmoja huko juu akamwigiza, "Karibu mwanangu!", na wakacheka upya. Mama Dobi akaangalia huku na huku, akatabasamu kidogo kama mtu asiyeelewa kosa lake, akautafuta mkono wa bintiye gizani, akaushika.

Dada wa mapokezi akainama katikati ya viti. "Kope, huyo mama uko naye?"

Fundi lenzi alikuwa anasikiliza. Kope akauchomoa mkono wake.

"Hapana," alisema. "Simjui. Tumekaa jirani tu."

Hakunong'ona vya kutosha. Mama Dobi alirudisha mkono wake mapajani, akaulaza juu ya mkoba. Na kwenye picha kitu kilitokea ambacho waliokuwa wanacheka hawakukiona. Lile jini liliacha kugonga. Likageuza uso polepole, siyo kuelekea kwenye mlango, bali kuelekea kwenye viti. Kisha likatoka kwenye picha, na halikurudi tena. Filamu iliendelea, watu wakawa wanapiga kelele na kukimbia barabarani, lakini nyuma yao hapakuwa na kitu kinachowakimbiza, na watazamaji wakaanza kunung'unika kwamba mashine imeharibika. Kope akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Kiti cha upande wa pili wa mama yake, kilichokuwa kimekunjwa, kilishuka chenyewe taratibu, kama kinavyoshuka kikikaliwa.

Filamu ilipoisha Kope alimwacha mama yake atangulie, yeye akabaki nyuma akijifanya anatafuta simu, mpaka wenzake walipoondoka. Alipotoka alimkuta Mama Dobi kando ya geti, anamngoja. Mkoba ulikuwa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameuachia pembeni, vidole vimejikunja, kwa namna mtu anavyomshika mtoto asivuke barabara.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sasa unajua kikombe cha tatu ni cha nani.

Siku zilizofuata hakuna kilichovunjika wala kupaa hewani. Ingekuwa hivyo Kope angepiga kelele akakimbilia kwa majirani. Jambo lilikwenda polepole, tena kwa adabu. Mama Dobi alianza kuzungumza peke yake barazani akipiga pasi, maneno mafupi ya mapenzi, na baada ya kila swali alinyamaza kidogo, akacheka. Akaanza kubisha hodi kwenye chumba cha Kope, yeye ambaye alizoea kuingia na shuka begani akiimba. Asubuhi moja alisimama mlangoni na kumuuliza, "Umeamkaje, dada? Chumba kinakutosha?"

"Mama, ni mimi."

"Ndiyo," alisema Mama Dobi kwa upole, akamtazama kwa yale macho yake yaliyochoka. "Nauliza tu. Kama kuna shida useme."

Kope alikaa kitandani akalia. Hakulia kwa hofu. Alilia kwa sababu alikuwa anasemeshwa kwa heshima, heshima ile ile aliyopewa mkata tiketi, na alijua anaistahili.

Jioni moja umeme ulikatika mapema. Kope alikuwa amejilaza na nguo za kazini, mama yake akiwa chumba cha pili na taa ya betri. Akasikia mama yake anasema, "Nitungie uzi, mwanangu, mimi sioni." Akakaa aitike. Kabla hajafungua mdomo kuna mtu aliitika chumba cha pili, na sauti aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe, yenye mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo, ikasema, "Lete, mama." Halafu ikaanza kusimulia habari za dukani, jinsi mteja mmoja alivyojaribu fremu zote akaondoka bila kununua, jinsi fundi lenzi anavyofuta meza yake, habari ambazo Kope alikuwa nazo moyoni na hakuwahi kumpa mama yake hata moja, na Mama Dobi akawa anacheka kwa furaha ambayo nyumba ile ilikuwa haijaisikia siku nyingi. Kope akashuka kitandani bila viatu, akapapasa ukuta hadi kwenye upenyo wa mlango, harufu ya kuungua ikizidi kila alipokaribia, akachungulia, akaona kwenye kiti gauni lake la bluu, lile mama yake alilokuwa amelinyoosha mchana, limeketi, limejaa mabega na kifua, mikono yake mitupu imeinuliwa karibu na taa na katikati ya mikono hiyo sindano inang'aa na uzi unapita kwenye tundu lake bila kukosea, na juu ya kola hapakuwa na kichwa, hapakuwa na shingo, palikuwa na mvuke tu unaopanda na kupinda, mvuke ule unaotoka kwenye nguo mbichi ikikanyagwa na pasi, ukigeuka taratibu kuelekea kwenye upenyo.

"Kuna mtu mlangoni, mama," sauti yake ilisema.

"Ni yule dada," alijibu Mama Dobi. "Mwache apite."

Kesho yake Kope hakwenda kazini. Alikwenda kwa Shangazi Ndoo, mwanamke aliyeuza ndoo na mabeseni mbele ya duka lake, na nyuma ya mabeseni aliwatoa watu majini. Alikuwa na hasira za kudumu, na sifa nzuri kwenye kazi zote mbili.

"Lilikujaje?" aliuliza, akifuta vumbi kwenye ndoo.

"Sinema. Mama aliliitikia hodi."

"Wangapi wanaitikia ovyo. Watoto wanaitikia redio. Jini haliingii kwa karibu peke yake, linataka na pa kukaa. Nani aliliachia nafasi?"

Kope akatazama mabeseni.

"Nimekuuliza, binti."

"Nilisema simjui."

"Humjui nani?"

"Mama."

Shangazi Ndoo aliiweka ndoo chini. Alimwangalia Kope, na sura yake haikuwa ya hasira tena, na hilo lilimwumiza Kope zaidi. "Basi lilikuta nafasi wazi," alisema. "Linatafuta mama, na mama kaambiwa hana mtoto. Hapo hata mimi ningeingia."

"Nipe dawa, shangazi. Ya kufukiza, ya kuoga, yoyote."

"Sina. Hao waliokusikia ukimkana, wapo?"

"Nafanya nao kazi."

"Mpeleke kwao. Simama mbele yao useme huyu ni mama yangu. Kwa mdomo. Usiniambie habari za moyoni, moyoni kila mtu anampenda mama yake. Ukishasema, litaondoka lenyewe, maana nafasi itakuwa na mwenyewe. Lakini uwahi, angali anakukumbuka kidogo. Na ukimkana tena, hapa usirudi. Nitakuuzia ndoo tu."

Kope alirudi nyumbani mbio. Alimkuta Mama Dobi anafunga mzigo wa mashati ya wateja. "Mama, twende dukani kwangu ukapimwe macho. Leo hii. Nataka wakuone."

Mama Dobi alisimama. Kitu kilipita usoni mwake, kikahangaika, kikapata njia. "Kweli, mwanangu?"

Chumba cha ndani pasi ilianguka sakafuni kwa kishindo. Wala hawakugeuka. Walitoka wameshikana mikono, mzigo wa mashati kichwani kwa Mama Dobi kwa kuwa alitaka kuufikisha njiani, na njia nzima Kope alirudia kimoyomoyo: huyu ni mama yangu, anafua nguo, ndiye aliyenisomesha. Maneno mepesi. Mtoto mdogo anayaweza.

Duka lilikuwa limejaa. Vioo kila mahali, ubaridi wa mashine, wateja wenye manukato wamekaa kwenye sofa. Mama Dobi aliingia na mzigo wake, akaanza kusalimia watu wote, mmoja mmoja. Na kwenye vile vioo Kope alimwona kila upande, mama zake wengi wenye mizigo vichwani, na kati yao yeye.

Dada wa mapokezi akainuka. "Jamani, Kope, huyu si yule mama wa sinema? Wa karibu mwanangu?" Akawageukia wateja, tayari anacheka, akaanza kuwasimulia. Watu wakageuka. Mmoja akatabasamu nyuma ya gazeti. Fundi lenzi alitoka kwenye chumba chake akifuta mikono, akamwangalia Mama Dobi, akamwangalia Kope, na akauliza bila ubaya wowote, "Kumbe mnafahamiana?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele ya Kope. Neno lilikuwa ulimini, alilihisi uzito wake. Mkono wa mama yake ulikuwa bado ndani ya mkono wake, wenye joto na magamba ya sabuni.

"Ni mteja," alisema Kope. "Alikuwa ananiuliza bei hapo nje."

Mkono ule ulijitoa kwenye wake. Mama Dobi alishusha mzigo, akauweka pembeni vizuri usimzuie mtu njia, akakaa alipoambiwa akae. Fundi lenzi alimpima kwa upole, akamjaribisha miwani ya tayari moja baada ya nyingine, mpaka Mama Dobi akasema hii. Akainua uso. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alimwona Kope sawasawa, akamtazama kwa makini, kila kitu cha sura yake.

"Una kope nzuri, dada," alisema. "Nina binti yangu nyumbani, mmefanana sana. Ananingoja. Asanteni, mna huruma nyinyi."

Akajitwika mzigo, akaaga kila mtu, akatoka.

Na Kope? Kope alimhudumia mteja aliyefuata. Ndiyo, alimhudumia. Alimletea fremu, akamshikia kioo, akasema zinakupendeza, kwa sababu wote walikuwa wanamwangalia na hakujua namna ya kutoka bila kueleza. Ni baada ya hapo ndipo miguu ilipomkumbuka, akaacha kioo juu ya kaunta na kukimbia bila mkoba wala kuaga mtu, akigonga watu, akiomba radhi asikokuwepo mtu, akisema njiani kwa sauti, barabara nzima inasikia, ni mama yangu, yule ni mama yangu, mama yangu ni dobi, na watu wakampisha wakidhani amechanganyikiwa, na hakuwaonea aibu hata mmoja, sasa ambapo hakuna aliyeuliza.

Alifika jua linazama. Mlango wa nyumba yao, ambao haukufungwa kabla ya saa za kulala, ulikuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa na mwanga. Akasogea, akaona meza yao na kitambaa chake, na Mama Dobi na miwani yake mipya, amekaa, anacheka, anamtazama aliye mbele yake. Juu ya meza palikuwa na vikombe viwili. Hesabu ya nyumba ilikuwa imerudi sawa.

Akauegemea mlango, paji la uso kwenye mbao. Harufu ya nguo iliyoungua ilikuwa inatoka chini ya kizingiti. Akagonga, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Hodi. Hodi mama, ni mimi. Nifungulie."

Ndani kicheko kilikatika. Alisikia kiti kinasogezwa, alisikia kandambili za mama yake zikija, zikasimama upande wa pili wa mbao, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Kope alilingoja lile neno. Mtaa mzima ulikuwa hauna mtu aliyewahi kunyimwa neno lile mlangoni hapo.

"Nani huyo, mwanangu?" Mama Dobi aliuliza, lakini hakumuuliza yeye. Aliuliza kwa kugeukia ndani.

Na sauti ya Kope, kwa utulivu, ikajibu kutoka mezani.

"Simjui, mama. Tumekaa jirani tu."

Komeo likasukumwa.